Aliyetoboa Ndiye Anayepanda

Zamani walimwita Keekee, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa vyombo vidogo vya majini, hasa zile pikipiki za maji ambazo wenye nafasi zao huzipanda siku za mapumziko na kupiga nazo kelele ziwani mpaka ndege wanahama. Ukitaka kuongezewa kitu kwenye chombo chako, iwe ngazi ya nyuma au kishikio cha abiria, ulimpelekea Keekee. Anapima kwa kiganja, anatia alama kwa penseli, anawasha keekee yake ya umeme, anatoboa. Wenzake walisema kwa utani kwamba angeweza kutoboa yai na kifaranga ndani asishtuke.

Siku hizi wanamwita Gundi. Hakuna aliyekaa kikao kumpa jina hilo; lilikuja lenyewe kidogo kidogo, kwa jinsi alivyoanza kubandika kila kitu. Ngazi akabandika, kishikio akabandika. Mteja akisema kitu hiki kinataka skrubu, Gundi anajikuna kichwa, anasema skrubu zimeisha, au biti ya keekee imekatika, au plastiki ya siku hizi haipendi kutobolewa. Watu si wajinga, walijua. Lakini waliuheshimu msiba wake wakajifanya wanasadiki, na waliochoka kusadiki wakapeleka vyombo vyao kwingine.

Karakana ilikuwa kontena la chuma lililokatwa ubavu, limekaa juu ya mteremko wa zege unaoshuka hadi majini. Walikuwa wawili hapo, yeye na mdogo wake, mama mmoja baba mmoja. Mdogo ndiye aliyekuwa na maneno, mwenye kucheka na wateja, na ndiye aliyepanda ngazi siku moja akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, bila kupima nafasi: ALIYETOBOA NDIYE ANAYEPANDA. Herufi za mwanzo zilikuwa kubwa, za kifahari. Za mwisho zilibanana kwenye kona, na ile A ya mwisho kabisa ikakosa pa kukaa, ikashuka chini ikasimama peke yake. Walimcheka mwezi mzima.

Maana ya maneno yale ilikuwa nyepesi. Ukitia tundu kwenye chombo cha mtu, wewe mwenyewe, si mwingine, utakipanda na kukipeleka kwenye kina kabla mwenye chombo hajakigusa. Kama tundu ni baya, likuzamishe wewe. Waliweka sheria hiyo baada ya kumwona fundi mmoja wa upande wa pili akimkabidhi mteja chombo, akimpungia mkono, na mteja akizama huku bado anapungiwa. Wateja waliipenda sheria. Kuna watu waliotoka mbali, wakapita karakana zenye vioo na viyoyozi, wakaja kwenye kontena lile kwa sababu ya maandishi yaliyopinda.

Sasa, siku ya mkasa. Gundi, akiwa bado Keekee, alikuwa ametoboa kwa ajili ya kufunga ngazi ya nyuma, na silikoni ya kuziba ilikuwa imekauka. Zamu ya kupanda ilikuwa yake. Lakini jino lilikuwa likimtesa tangu alfajiri, shavu limevimba, jicho moja limejifunga. Mke wa mdogo wake alikuwa amewaletea chai kwenye chupa, anamimina. Keekee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachukua kikombe, akakiegemeza shavuni apate joto.

“Kaa, kaka,” mdogo wake akasema. “Kunywa chai yako. Naenda kuzunguka mara moja narudi.”

“Haya,” akajibu.

Ndiyo hiyo tu. Haya. Hakutazama hata juu. Jaketi okozi lilibaki msumarini, kwa sababu mtu anayekwenda mara moja havai jaketi. Walimpata siku nyingine kabisa, kwenye matete ya ng’ambo, na chombo hakikuonekana tena, maana kule katikati ziwa lina kina ambacho hata wavuvi hawakisemi.

Wapo waliosema ni upepo, maana siku ile uligeuka ghafla. Wapo waliosema ni jaketi, na hao walikuwa na haki. Na wapo waliosema tundu, lakini hao walisema wakiwa mbali naye. Kwenye matanga waliitikiana ajali haina kinga, ajali haina kinga, na Gundi akakaa kwenye mkeka akitazama vidole vyake. Kama chombo kingepatikana angekifungua akaangalia tundu lake, akajua yeye ni muuaji au si muuaji. Hakikupatikana. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa yote mawili, na hakuna jino lililouma kama hilo.

Matanga yalipokwisha, mjane alikuja karakana amevaa ovaroli ya mumewe, mikono ameikunja mara kadhaa. Watu wakanong’ona kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Yeye akawajibu kwamba hakuja kuziba pengo la mtu, alikuja kufanya kazi, na mwenye pembe zake akae nazo. Alijifunza injini upesi kuliko walivyotaka kukiri. Injini ikishatengenezwa, yeye ndiye aliyekishusha chombo majini na kuijaribu, kanda za jaketi zimefungwa hadi kidevuni. Na siku ya kwanza kabisa, kabla hajashika spana, alimwambia shemeji yake sentensi moja, bila ukali, macho kwa macho.

“Ilikuwa zamu yako, shemeji.”

“Najua,” Gundi akasema.

Hakuirudia tena. Angekuwa anairudia, labda Gundi angezoea.

Kuanzia hapo hakutoboa na hakupanda. Majini hakwenda zaidi ya pale yanapolowesha nyayo. Akawa anafanya kazi kwenye ukingo wa ziwa akiligeuzia mgongo, na kwa mtu wa kazi yake huo ni ulemavu.

Basi siku moja akaja mwokoaji wa ufukweni. Ni mrefu, mkimya kidogo, kazi yake kuwatoa majini watu waliojidanganya kwamba wanajua kuogelea. Alikuwa na pikipiki yake ya maji kwenye trela na boksi kubwa kwapani, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Nikiongeza mwendo maji yananipiga usoni kama nimeyakosea adabu,” akasema. “Juzi nimemkimbilia mtu anayezama, nimefika, nimemshika shingo, kumbe boya. Mwenyewe yuko kule pembeni ananipungia.”

Mjane akacheka. Mwokoaji akacheka pia, kisha akaacha.

“Huyo nilimuwahi,” akasema. “Siku moja sitawahi.”

Ndani ya boksi mlikuwa na kinga: mkanda mnene mweusi wa plastiki, unaofungwa chini ya ukingo wa chombo kuanzia puani hadi ubavuni. Maji yakiruka yanagonga hapo, yanarudi chini, uso wa mpandaji unabaki mkavu. Chombo chake hakikuja nayo kutoka kiwandani. Aliinunua kando, kwa mtu aliyemhakikishia kwamba inaingia kwenye chombo chochote, na wauzaji wa namna hiyo sote tunawajua.

Gundi akaupapasa ule mkanda, akaupinda, akaunusa.

“Nitaubandika,” akasema. “Nina gundi kali imekuja juzi.”

“Kaka, hiki si kiatu. Kwa mwendo ninaokwenda mimi utabanduka siku ya kwanza, uvutwe chini ya injini, nizame mimi na ninayemwokoa. Mkanda huu unataka skrubu. Kama hamtoboi siku hizi niambie, nitaelewa.”

Alisema nitaelewa kwa upole mno, na upole ule ndio uliochoma. Gundi akafungua kinywa kutafuta uongo mmoja kati ya wale wa kila siku.

“Acha chombo,” mjane akasema. “Tutatoboa.”

Mwokoaji alipoondoka, Gundi akabaki amesimama na mkanda mikononi.

“Umesema tutatoboa, shemeji. Nani?”

“Wewe. Mimi sijajifunza keekee.”

“Na kupanda?”

“Soma mlangoni.”

Gundi hakusoma. Alikuwa anayajua maneno yale hadi ile A ya chini.

“Sikiliza, shemeji,” mjane akasema, na akavuta ndoo akakaa, kwa kuwa alikuwa amechoka. “Watu wanakuja hapa kwa sababu ya maneno yale. Mume wangu ndiye aliyeyaandika. Kama wewe huyawezi, chukua msasa uyafute, tujue moja. Sitakulaumu. Lakini usinikalishe chini ya maneno ambayo hakuna anayeyatimiza. Nikiyatazama namwona yeye kule juu ya ngazi, na nakuona wewe huku chini na kopo la gundi.”

Gundi akauweka mkanda chini.

“Nitatoboa,” akasema. “Na nitapanda.”

Jioni ile alimweleza mkewe, wakiwa jikoni, mke anachambua mchele kwenye ungo. Mkewe hakuinua kichwa.

“Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka,” akasema. “Hakuna atakayekucheka ukikataa, baba watoto.”

“Sio kuchekwa.”

“Sasa ni nini?”

“Nataka nipande hii moja tu. Zamu yangu niifanye mimi. Nikiifanya mara moja, labda nitaweza kukaa meza moja na shemeji bila kutazama sahani.”

Mkewe akaacha kuchambua. Akataka kusema kwamba wafu hawalipwi zamu, lakini alimtazama mumewe, akaona kwamba huo ndio uzi pekee alioshikilia, akaurudia mchele wake.

Asubuhi walianza. Chombo kilioshwa kwa sabuni, kikafutwa kwa spiriti hadi kidole kikilia juu yake. Mkanda ulianikwa juani juu ya zege ulainike, kwa maana plastiki baridi ukiilazimisha inakubali kwa muda tu, halafu inakugeuka. Wakaanzia katikati ya pua. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaanzia ubavu mmoja, wakifika upande wa pili mkanda umekwenda kombo, na chombo kinaonekana kama mtu aliyevaa kofia amelewa. Mjane alishika, Gundi akabana kwa vibano, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akasogea, akabana tena.

Kisha akachukua keekee.

Alikuwa amezungushia biti utepe wa karatasi kuonyesha kina ambacho haitapita. Aliiweka ncha kwenye alama ya penseli, akaiondoa, akairudisha. Safari hii hakuiondoa. Keekee ikalia, vumbi jeupe likatoka, biti ikaingia hadi kwenye utepe, ikasimama. Akapuliza. Tundu lilikuwa safi, mviringo kamili. Akajaza silikoni, akapitisha skrubu isiyoshika kutu, akaikaza kwa mkono hadi iliposhika sawasawa, bila kuikomoa.

Akatoboa jingine, na jingine. Jua lilimpiga kisogoni, vumbi likamwasha shingoni, na yeye hakujikuna. Mahali fulani ubavuni mwa chombo akaanza kupiga mluzi. Mjane alisikia, akainamisha kichwa asionekane anatabasamu, kwa sababu wimbo ule alikuwa akiupiga mumewe, na vibaya vilevile. Lazima tuseme kweli: kwa asubuhi ile moja, Gundi alikuwa na furaha. Keekee alikuwa amerudi. Alipomaliza alizunguka chombo chote akiupapasa mkanda, akasema, “Haya sasa, nani kasema nimesahau?” na mjane akamjibu kwamba aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe.

Silikoni ikaachwa ikauke hadi kesho yake.

Kesho yake ziwa lilikuwa la kijivu, na mawingu yamekaa chini. Upepo ulikuwa mdogo. Gundi alimwomba Mungu usiku kucha uwe mkubwa, apate sababu, na Mungu hakumpa. Mwokoaji alikuja mapema, akasimama pembeni ya mteremko, mikono mfukoni. Mjane alikuwa ameleta chai, ameweka chupa juu ya pipa.

Gundi akavaa jaketi okozi. Akafunga kila mkanda, akaukagua, akaufunga tena. Wakashusha trela hadi chombo kikaelea, na mjane akakishika usukani kisiende. Gundi akaingia majini. Yalimfika kwenye vifundo, akaendelea. Yakafika magotini. Akaweka mkono juu ya kiti, na kiti kilikuwa na umande.

Ilibaki kuinua mguu tu. Kuinua mguu, kukaa, kuwasha. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote ya ujana bila kufikiri. Akatazama mbele, na ng’ambo ya pili akaona matete. Hakuwa amejua kwamba kutoka pale yanaonekana, kwa vile kwa muda wote huo alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo. Yalikuwa mstari mwembamba tu wa kijani kwenye ukungu.

Mguu haukuinuka. Aliuamrisha, akautukana kimoyomoyo, akaubembeleza. Nyuma yake mwokoaji, ambaye kazi yake ni kujua uso wa mtu anayezama, aligeuka akajifanya anaangalia gari lake.

Mjane alingoja. Alingoja kwa haki, muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwingine angengoja. Kisha akamsogelea, maji yakilowesha ovaroli ya mumewe.

“Kaa, shemeji,” akasema. “Nitakwenda mimi.”

“Haya,” Gundi akajibu.

Lilimtoka kabla hajalijua. Lilitoka lilelile, kwa sauti ileile, la mtu anayeondolewa mzigo. Alipolisikia masikioni mwake akataka kulirudisha kinywani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akamtazama mjane. Mjane alikuwa pale siku ile, ameshika chupa ya chai. Naye alikuwa amelisikia.

“Hata siku ile ulisema hivyohivyo,” mjane akasema.

“Najua.”

“Basi toka majini, utaugua.”

Akamvua jaketi, mkanda baada ya mkanda, kama mama anavyomvua mtoto aliyerudi shule, akalivaa mwenyewe. Akapanda. Injini ikaunguruma, chombo kikaenda polepole, kisha kikainua pua. Gundi hakutoka majini. Alisimama pale pale yalipomfika magotini, akimtazama akizidi kuwa mdogo, mpaka akazunguka rasi ndogo na mlio ukakatika.

Palikuwa kimya. Mwokoaji akaja akasimama karibu, viatu vyake vikilowa. Gundi alikuwa amekata shauri. Kama mjane hatarudi, yeye ataendelea kutembea mbele tu, hadi maji yamalize hesabu aliyoshindwa kuimaliza yeye. Alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, na utulivu wenyewe ulimtisha.

Mlio ukarudi. Chombo kikatokea nyuma ya rasi, mwendo mkali, maji yakifunguka pande mbili na kulala chini, hayaruki. Mjane alizima injini, akateleza hadi kwenye zege. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, hata nyusi.

“Kavu!” mwokoaji akapiga kelele, akasahau heshima zote, akamshika mjane mashavu. “Dada, kavu kabisa! Hata tone!”

Wakavuta chombo juu. Gundi akainua kiti, akapitisha mkono kwenye tumbo la chombo hadi chini kabisa, mahali ambapo maji yakiingia hukimbilia. Akapapasa kona zote. Mkono ukatoka na vumbi. Matundu yake yote yalikuwa mazima.

Angepaswa kufurahi. Lakini ukavu ule haukumwambia lolote kuhusu lile tundu jingine, lililolala kwenye kina pamoja na jibu lake. Ulimwambia kitu kimoja tu, na hicho hakukihitaji: kwamba amepewa nafasi ya pili, na mguu wake umeikataa.

Mwokoaji aliondoka na chombo chake, anaimba. Mjane akatundika jaketi msumarini, akasimama mlangoni, akaikamua ovaroli. Gundi alikwenda ndani ya kontena. Mjane alidhani amefuata msasa, akageuza uso asione. Gundi alirudi na keekee ndani ya kasha lake, na biti zote, na ule utepe wa karatasi. Akaviweka miguuni pa mjane.

“Nitakufundisha kutoboa,” akasema. “Si kazi ngumu.”

Mjane akalitazama kasha kwa muda. Alielewa alichopewa, na pia alichoachiwa akibebe: zamu zote, za leo na za baadaye. Juu ya kichwa chake ile A ilisimama peke yake.

“Nitajifunza,” akasema.

Akachukua chupa juu ya pipa, akamimina kikombe, mvuke ukapanda. Akaivuta ndoo kwa mguu, akaipindua. Hakusema kwa kumsimanga. Alimwona tu anavyotetemeka, suruali imelowa hadi mapajani.

“Kaa, shemeji,” akamwambia. “Kunywa chai yako.”

Gundi akakaa, akanywa.